Kuacha sigara kwa kipato kidogo: njia zilizopo Afrika Mashariki

Sigara huuzwa moja moja kwa bei ya sarafu, lakini dawa za kumsaidia mvutaji kuiacha huuzwa kwa boksi zima. Hata hivyo, sehemu kubwa ya msaada unaofaa haihitaji fedha nyingi.

Katika miji mingi ya Afrika Mashariki, mvutaji wa kipato kidogo hanunui pakiti. Hununua sigara moja kibandani, huiwasha kwa kiberiti cha gesi kilichofungwa kamba dirishani, kisha huenda zake. Mchana akipata fedha nyingine, hurudi. Kwa kuwa kila mara hutoa kiasi kidogo, huona kwamba tumbaku haimgharimu kitu.

Hesabu ya mwaka hueleza mambo kwa namna nyingine. Ichukuliwe kwamba mtu nchini Kenya anavuta sigara 5 kwa siku, na kila moja anainunua kwa shilingi 20. Kwa siku atatumia shilingi 100, kwa mwezi 3,000 na kwa mwaka 36,500. Kiwango cha chini kabisa cha mchango wa bima ya afya ya jamii nchini humo ni shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mfano huo, fedha za sigara za siku 3 zinalipia bima ya mwezi mzima. Zaidi ya hayo, anayenunua moja moja kwa kawaida hulipa zaidi kwa kila sigara kuliko anayenunua pakiti.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka, na kwamba takriban asilimia 80 ya watumiaji wake wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Sheria na hali ya mitaani

Serikali za eneo hili zimeitambua hatari ya sigara ya rejareja. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza kuuza sigara nje ya pakiti yenye sigara zisizopungua 10. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka 2015, ikaanza kutekelezwa kikamilifu Mei 2016. Sheria hiyo nayo inapiga marufuku uuzaji wa sigara moja moja, na inakataza kumuuzia tumbaku mtu aliye chini ya umri wa miaka 21. Mkataba wa WHO wa Kudhibiti Tumbaku, ulioanza kufanya kazi tarehe 27 Februari 2005, unazitaka nchi wanachama zizuie biashara hiyo kwa sababu huwarahisishia watoto kuanza kuvuta.

Pamoja na sheria hizo, sigara moja moja bado huuzwa hadharani katika maeneo mengi. Kwa anayetaka kuacha, maana yake ni kwamba kishawishi kiko mita chache kutoka mlangoni pake, na hakihitaji zaidi ya sarafu mfukoni. Mpango wa kuacha usiozingatia kibanda hicho hauwezi kudumu.

Kwa nini nia peke yake haitoshi

Nikotini iliyomo katika moshi wa tumbaku huufikia ubongo ndani ya sekunde chache baada ya kuvutwa. Baada ya takriban saa 2, nusu ya kiasi kilichokuwa katika damu huwa kimeondoka, na mwili huanza kudai kingine. Madai hayo ndiyo hujitokeza kama hasira, wasiwasi, kukosa usingizi, njaa na kushindwa kutuliza mawazo. Kwa kawaida dalili hizo huwa kali zaidi katika siku 2 hadi 3 za mwanzo, kisha hupungua kwa muda wa wiki 2 hadi 4.

WHO linakadiria kwamba kati ya majaribio 100 ya kuacha yanayofanywa bila msaada wowote, ni 4 tu yanayofaulu. Msaada wa mtaalamu pamoja na dawa zilizothibitishwa unaweza kuongeza uwezekano huo zaidi ya mara mbili. Hivyo, aliyejaribu peke yake akashindwa hana sababu ya kujiona dhaifu. Alipambana na uraibu bila silaha.

Dawa na bei zake

Mwezi Julai 2024, WHO lilitoa mwongozo wake wa kwanza wa tiba ya kuacha tumbaku kwa watu wazima. Mwongozo huo unapendekeza bidhaa za nikotini ya tiba, kama vibandiko vya ngozi na chingamu maalumu, pamoja na vidonge vya vareniklini, bupropioni na sitisini. Nikotini ya tiba imo katika orodha ya WHO ya dawa muhimu tangu mwaka 2009. Vareniklini na bupropioni ziliingizwa mwaka 2021.

Hapa ndipo mtu wa kipato kidogo hukwama. Dawa hizi mara nyingi hupatikana katika maduka makubwa ya dawa mijini, na mnunuzi hutakiwa kulipa fedha nyingi kwa pamoja. Mtu anayemudu sarafu mara 5 kwa siku si lazima amudu matumizi ya mwezi mzima kwa siku moja, ingawa jumla inaweza kulingana.

Anayeweza kujiwekea akiba kabla ya kuacha anaweza kuitumia kwa wiki za mwanzo, ambazo ndizo ngumu zaidi. Asinunue kabla ya kuzungumza na mhudumu wa afya. Bupropioni, kwa mfano, haifai kwa mtu mwenye kifafa. Mjamzito na mwenye maradhi ya kudumu nao wanahitaji ushauri kwanza.

Msaada usiolipiwa

Kwa mujibu wa mwongozo huo, hata ushauri mfupi wa sekunde 30 hadi dakika 3 kutoka kwa mhudumu wa afya unasaidia, na unapaswa kutolewa katika ziara za kawaida za matibabu. Mgonjwa anayekwenda zahanati kwa homa au kupima shinikizo la damu anaweza kulitaja jambo hili mwenyewe bila kusubiri aulizwe. Swali moja linatosha: "Daktari, nataka kuacha sigara, nianzie wapi?"

Mlango mwingine ni kliniki za kifua kikuu na za virusi vya UKIMWI. Wanaohudhuria kliniki hizo hukutana na mhudumu yule yule mara kwa mara, na mfululizo wa namna hiyo ndio unaohitajika katika kuacha tumbaku. Sigara huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu na huharibu matokeo ya tiba yake.

Nchini Kenya, nambari ya simu 1192 ya mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, NACADA, hupigwa bila malipo saa zote kwa ushauri. Nchini Uganda, hospitali ya rufaa ya Butabika mjini Kampala ina kitengo cha kuhudumia waraibu wa pombe na dawa za kulevya.

Kuweka siku na kuiandaa

Wengi hupanga kupunguza kidogo kidogo. Utafiti uliofanywa nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2016 ulilinganisha njia mbili kwa watu 697, wote wakipewa ushauri na nikotini ya tiba. Baada ya wiki 4, asilimia 49 ya walioacha kwa mara moja walikuwa hawavuti, ikilinganishwa na asilimia 39 ya waliopunguza taratibu. Kwa hiyo, ni bora kuweka tarehe moja ndani ya wiki 2 na kuiheshimu. Kabla ya siku hiyo, mambo yafuatayo hayagharimu kitu:

Kwanza, kuandika kila sigara kwa siku 3: saa, mahali, na aliyekuwa naye. Orodha hiyo huonyesha kwamba nyingi huvutwa katika nafasi zile zile, kama baada ya chakula, kwenye kijiwe cha bodaboda, wakati wa kutafuna mirungi, au kwenye pombe.

Pili, kumjulisha mwenye kibanda. Mvutaji amwombe waziwazi asimuuzie, wala asimkopeshe. Kama hilo haliwezekani, abadilishe njia ya kurudi nyumbani kwa mwezi mmoja.

Tatu, kutoa kiberiti, vipisi na kisahani cha majivu nyumbani, na kufua nguo zinazonuka moshi.

Nne, kumchagua shahidi mmoja ambaye mvutaji anamwonea haya: mke au mume, kaka mkubwa, mjomba, au rafiki aliyekwisha kuacha.

Hamu inapopanda, mara nyingi haidumu zaidi ya dakika chache. Wataalamu hushauri mambo manne: kuahirisha, kuvuta pumzi ndefu, kunywa maji, na kufanya kazi nyingine. Karafuu, tangawizi, karanga au mswaki wa mti huipa midomo shughuli. Haviponyi uraibu, lakini husaidia kuzivuka dakika hizo.

Wanywaji wa kahawa wana tahadhari moja zaidi. Moshi wa tumbaku huufanya mwili uondoe kafeini kwa haraka. Mtu anapoacha, kikombe kile kile cha kahawa chungu cha barazani humkalia mwilini muda mrefu zaidi, akatetemeka na kukosa usingizi, naye akadhani ni kiu ya sigara. Kupunguza kahawa kwa nusu katika wiki za mwanzo huondoa tatizo hilo.

Akiba kama kamba ya ahadi

Fedha inayookolewa inaweza yenyewe kuwa sehemu ya tiba. Katika kisiwa cha Mindanao nchini Ufilipino, watafiti walishirikiana na benki moja kuwapa wavutaji akaunti maalumu. Mvutaji aliweka fedha zake kwa miezi 6, kisha akapimwa mkojo. Asipokutwa na nikotini alirudishiwa zote, na akikutwa nayo fedha zilikwenda kwa misaada. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Ni takriban mtu mmoja tu katika kila 10 aliyekubali kuingia katika mpango huo, lakini waliopewa fursa hiyo walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufaulu kipimo kuliko wasiopewa, na tofauti hiyo bado ilionekana walipopimwa kwa kushtukizwa baada ya mwaka.

Afrika Mashariki haihitaji benki kwa jambo hili. Vipo vyama vya kina mama na vijana nchini Kenya, vikoba na upatu nchini Tanzania, na ibimina nchini Rwanda. Anayeacha anaweza kumkabidhi mweka hazina kila jioni fedha ambayo angeinunulia sigara, kwa makubaliano kwamba akirudi kuvuta kabla ya miezi 6, fedha hiyo itakwenda kwa yatima au kwa mgonjwa wa mtaani. Makubaliano hayo yafanywe mbele ya mashahidi, na fedha isiwe ya chakula wala ya ada ya shule.

Ramadhani na mifungo mingine

Kwa Waislamu, mwezi wa Ramadhani ni fursa iliyo wazi. Anayefunga hukaa bila sigara tangu alfajiri hadi magharibi kwa siku 29 au 30, jambo linalothibitisha kwamba mwili unaweza kustahimili. Hatari huja baada ya futari, pale wengi wanapofidia usiku walichokikosa mchana. Anayekusudia kuacha huhitaji mpango wa saa zile: kufuturu, kuswali, kutoka na watu wasiovuta, na kulala mapema kabla ya daku. Wakristo wanaofunga siku 40 za Kwaresima wanaweza kufuata utaratibu kama huo.

Njia zisizo njia

Kuhamia ugoro au tumbaku ya kutafuna si kuacha, kwa kuwa nikotini ni ile ile na saratani ya kinywa huongezeka. Shisha nayo si salama kuliko sigara, na anayekaa nayo kwa saa nzima huvuta moshi mwingi kuliko wa sigara moja.

Anayeteleza

Wengi hujaribu zaidi ya mara moja kabla ya kufaulu. Sigara moja baada ya wiki 3 haifuti wiki hizo. La kufanya ni kujiuliza ilivutwa wapi, na nani, na kwa sababu gani, kisha kuziba pengo hilo na kuendelea siku ile ile bila kungoja Jumatatu wala mwaka mpya.

Mwili hautazami umri wala kipato. WHO linaeleza kwamba ndani ya dakika 20 baada ya sigara ya mwisho mapigo ya moyo hushuka, na baada ya saa 12 hewa ya sumu ya kaboni monoksidi katika damu hurudi kiwango cha kawaida. Kikohozi na kukosa pumzi hupungua kati ya mwezi 1 na 9. Baada ya mwaka 1, hatari ya ugonjwa wa mishipa ya moyo huwa takriban nusu ya ile ya anayeendelea kuvuta, na baada ya miaka 10 hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu nayo hushuka hadi takriban nusu.

Kwa aliye katika mfano wa Kenya uliotajwa hapo juu, mwezi wa kwanza pekee ungemwachia shilingi 3,000. Kiasi hicho kinatosha kulipia miezi 10 ya mchango wa chini wa bima ya afya.