Karatu hadi Malambo: Mguu, Punda na Gurudumu

Lami inayopanda kutoka Makuyuni inakomea kwenye lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, mwendo mfupi juu ya Karatu. Mbele ya hapo ni udongo mwekundu, kona na ukungu. Karatu iko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, ukingo wa kreta ya Ngorongoro unapita mita 2,300, na kwa nyuma kilele cha Lolmalasin kinazidi mita 3,600. Halafu nchi inaporomoka. Upande wa kaskazini milima inashuka hadi tambarare za Salei, ambako ndiko iliko Malambo, na mashariki ya hapo Ziwa Natron limelala kwenye mita 600 tu. Wanaoikata nchi hii kwa baiskeli ni wachache, na sababu si uvivu.

Waliotangulia walikwenda kwa miguu, na wengi wao walikuwa watu wa pwani. Mwaka 1870 mmisionari Thomas Wakefield wa Ribe, karibu na Mombasa, alichapisha huko London orodha ya njia za misafara kutoka pwani hadi bara. Habari nyingi za orodha hiyo alipewa na Sadi bin Ahedi, mwenyeji wa karibu na Gazi, Udigoni. Miaka kumi na miwili baadaye J. P. Farler, mmisionari wa Magila, akaandika njia zilizotoka Pangani kupitia Umasaini hadi Ziwa Nyanza (Victoria). Wafanyabiashara wa misafara hiyo walipanda na shanga, nguo na waya, wakateremka na pembe za ndovu. Walijua maji yako wapi, wapi hongo ni nzito, na wapi pa kupita usiku.

Wazungu walipoingia walikanyaga nyayo hizohizo. Gustav Fischer alitoka Pangani, na mwaka 1883 akapita Engaruka na Natron hadi Naivasha. Leo mnara wa mwamba katika hifadhi ya Hell's Gate, Kenya, unaitwa kwa jina lake. Hifadhi hiyo ni mojawapo ya chache za wanyama Afrika Mashariki ambamo mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia. Oscar Baumann, raia wa Austria, aliteremka ndani ya kreta ya Ngorongoro tarehe 18 Machi 1892 na kuwakuta Wamasai wakifa njaa baada ya sotoka kufagia ng'ombe wao. Vitabu viliandikwa kwa majina ya hawa wawili. Sadi, aliyekuwa na njia kichwani kabla yao, anakumbukwa na wasomi wachache tu, na hilo si haki.

Nchi ya juu yenyewe ilipata mpima wake katika Fritz Jaeger, Mjerumani aliyeizunguka mwanzoni mwa karne ya 20 na kuiita nyanda za kreta kubwa. Jina lake limebaki pia katika mmea, Eleusine jaegeri. Haya ni majani magumu yanayoota kwa mafungu kama vichwa vilivyojipanga chini, na ng'ombe huyakwepa. Kuanzia kijiji cha Nainokanoka kwenda kreta za Olmoti na Empakaai mtu anapita katikati yake. Kadiri anavyopanda ndivyo miti inavyozidi kuwa michache na nafasi yake kuchukuliwa na vichaka vifupi na maua makavu yasiyonyauka. Mwenda kwa miguu huyaruka mafungu hayo, punda huyazunguka, lakini gurudumu huyagonga moja baada ya jingine.

Punda ndiye aliyeifungua njia hii, na punda katika nchi hii ni wa kina mama. Boma linapohama ndiye anayebeba ngozi, vibuyu na watoto wadogo, na kisima kikiwa mbali ndiye anayekwenda. Magadi ya Natron yamepanda milima mgongoni mwake, ya kulambwa na mifugo na ya kutiwa katika ugoro. Vijia vyembamba vinavyoteremka kuelekea Nayobi na Engaresero vimechongwa na kwato. Hata hivyo, kwato nazo ni za juzi: kando ya Natron, Engaresero, jivu la volkano lililoganda limehifadhi nyayo za binadamu zaidi ya 400, zilizokanyagwa maelfu ya miaka iliyopita. Na huko Laetoli, nyayo ambazo timu ya Mary Leakey ilianza kuzifukua mwaka 1978 zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi.

Baiskeli ilifika upande wa Karatu kwanza. Katika mashamba ya kahawa ya Oldeani na Karatu ilikuwa chombo cha karani, mwalimu na mwinjilisti. Ilianza na Raleigh ya Uingereza, na baada ya uhuru zikaja Phoenix ya China na Swala, iliyotengenezwa hapahapa nchini. Wakulima Wairaqw waliifanya kuwa mnyama wa mizigo: gunia la mahindi kwenye keria, dumu la maziwa kila upande, wakati mwingine mgonjwa akishikiliwa asianguke.

Tambarare za Salei hazikuipokea hivyo. Milima huyakamata mawingu ya Bahari ya Hindi, kwa hiyo Malambo iko upande uliofichwa na mvua. Huko ardhi ni jivu la kale la Kerimasi na Ol Doinyo Lengai, laini kiangazi na lenye kunata masika, na miiba ya migunga haina huruma na tyubu. Lengai, mlima pekee duniani unaojulikana kutoa lava ya magadi siku hizi, ulilipuka kwa nguvu mwaka 1966 na tena kuanzia 2007, ukainyunyizia nchi jivu. Katika mazingira hayo vijana wengi wa Kimasai waliiruka baiskeli kabisa: walitoka kwenye mguu moja kwa moja hadi kwenye pikipiki.

Sehemu nyingine ya historia iliandikwa na mipaka. Mwaka 1951 Ngorongoro iliingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Mwaka 1959 ikatengwa kuwa eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,300 ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja, baada ya wazee wa Kimasai kukubali kuondoka Serengeti. Januari ya mwaka huohuo Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama na baba yake Bernhard, alifariki ndege yao ndogo ilipogongana na tai kwenye tambarare hizi za Salei. Amezikwa kwenye ukingo wa kreta. Tangu Ngorongoro itengwe, anayepita huulizwa kwanza amekuja na chombo gani. Chini ya kreta hutembea magari tu. Olmoti na Empakaai mgeni hupanda kwa miguu, akifuatana na askari mwenye bunduki.

Utalii wa baiskeli kwa hiyo ulizaliwa pembeni. Mto wa Mbu, ambako ardhi ni tambarare na migomba imejaa, ulianza kuwapangisha wageni baiskeli chini ya mpango wa utalii wa utamaduni uliosaidiwa na Waholanzi katika miaka ya 1990. Milimani habari ni nyingine. Mwishoni mwa mwaka 1984 binamu wawili Waingereza, Nicholas na Richard Crane, walifikisha baiskeli kileleni Kilimanjaro, wakivuka ukanda wa vichaka vya erika unaofanana na huu wa Lolmalasin. Sehemu kubwa ya safari baiskeli ndizo zilizowapanda wao.

Jambo lililoleta magurudumu mengi kuliko yote katika nchi hii halikuwa utalii. Mwaka 2011 maelfu kwa maelfu ya watu walikwenda Samunge, kaskazini ya Malambo, kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Foleni ya magari ilinyooka kwa kilomita nyingi katika vumbi. Baadaye barabara ya Waso hadi Sale ilitiwa lami.

Mipaka nayo haijatulia. Mwaka 2022 serikali ilitenga kilomita za mraba 1,500 za Pololeti kuwa eneo la wanyamapori, Malambo ikiwa miongoni mwa kata zilizoguswa, na shauri likafika mahakamani. Kwa hiyo atakayetaka kuendesha baiskeli huko aulize kwanza, kwa Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro na kwa serikali ya kijiji, njia ipi iko wazi mwaka huo. Aende kiangazi, abebe tyubu za kutosha na maji kuliko anavyodhani, na amlipe mwongoza njia wa kijijini. Akikutana na punda waliopakia magadi, ashuke, aisogeze baiskeli kando na kuwasalimu kina mama wanaowaswaga.