Chakula cha wageni Mugango

Chakula cha wageni Mugango ni mlo anaoandaliwa mgeni katika kata ya Mugango, ufukweni mwa Ziwa Viktoria, mkoani Mara, wanakoishi Wakwaya, Wajita na wengineo. Msingi wake ni ugali wa udaga, yaani muhogo uliovundikwa, ukaanikwa na kusagwa, aghalabu pamoja na mtama. Ugali huo huvutika, una rangi ya hudhurungi na harufu ya uchachu. Aliyezoea sembe asiuache kwa tonge la kwanza. Kitoweo cha heshima ni sato mzima na kichwa chake, aliyechemshwa kwa nyanya na vitunguu. Sato na sangara walipandikizwa ziwani katikati ya karne ya 20. Dagaa, wanaovuliwa usiku kwa taa na kuanikwa juani, ni wa asili. Vinywaji ni uji wa mtama, maziwa mgando na chai ya maziwa.

Sikukuu huleta pilau na chapati, vyakula vyenye asili ya Bara Hindi na Asia jirani. Mgeni kutoka Pakistani atavitambua mara moja, ingawa chapati ya huku, inayokunjwa kwa mafuta, inafanana zaidi na paratha ya kwao kuliko roti.