Barabara ya Jua Kabla ya Motokaa

Katika jimbo la Montana, kaskazini mwa Marekani, iko barabara iitwayo Going-to-the-Sun, yenye urefu wa takriban kilomita 80, ikatayo Hifadhi ya Glacier toka magharibi hadi mashariki na kuvuka pengo la milima la Logan Pass, mita 2,026 juu ya usawa wa bahari. Nayo, ijapokuwa ilijengwa kwa ajili ya motokaa, kila majira ya machipuko hutangulia kuwa milki ya wapanda baiskeli.

Asili ya neema hii ni hoja ya mwaka 1924, wakati mhandisi George Goodwin alipotaka kuipandisha barabara toka bondeni kwa kona 15 za kupinda na kurudi, na Thomas Vint, msanifu wa mandhari, akapinga kwamba kona zile zingeutia mlima kovu lisilopona, akashauri njia iambae kuta za jabali la Garden Wall kwa kona moja tu. Stephen Mather, mkurugenzi wa Idara ya Hifadhi za Taifa, akaiafiki rai ya Vint. Mhandisi Frank Kittredge akatumwa kupima njia katika vuli ile ile pamoja na watu 32, nao wakawa wakining'inia kwa kamba juu ya magenge, hata wengi wakaiacha kazi na wengine kuajiriwa mahali pao. Wafanyakazi watatu walifariki katika ujenzi uliofuata. Barabara ilizinduliwa rasmi kileleni tarehe 15 Julai 1933.

Kwa kuwa njia ya Vint ilipimwa kwa mpando wa asilimia 6 hivi, uamuzi uliofanywa kwa kuuhurumia mlima umekuwa rehema kwa magoti ya watu ambao, kwa kadiri nionavyo, hawakuwamo katika hesabu ya yeyote kati ya mabwana wale.

Mitambo ya kuondoa theluji huanza kazi mnamo Aprili, na mara nyingi haimalizi hadi mwishoni mwa Juni au Julai, maana karibu na kilele, upande wa mashariki, theluji iitwayo Big Drift huweza kurundikana hadi mita 24. Muda huo wote lango hufungwa kwa magari, na mpanda baiskeli aanzaye Avalanche Creek, kilomita 26 hivi chini ya kilele, hupanda hadi pale mafundi walipofikia. Wakipumzika wao, huruhusiwa kuendelea mbele zaidi, ikiwa hakuna hatari ya maporomoko. Penye Weeping Wall maji ya theluji humwagika toka jabalini hadi barabarani na kumlowesha mpitaji. Na mahali pengine ukingo u wazi kabisa, kwa sababu magogo ya kinga hung'olewa kila mwaka kabla ya baridi, yasije yakasombwa, na hayarudishwi mpaka njia isafishwe. Lango likishafunguliwa, kanuni za kiangazi zimekuwa zikiwazuia wapanda baiskeli kutumia baadhi ya sehemu za barabara saa za mchana.