Mkasi wa Keller na Utendi wa Tambuka

Mwanafunzi wa Historia chuoni hupitishwa safari ndefu. Leo yuko Misri na Ugiriki, kesho Roma imeanguka, keshokutwa anaambiwa amefika Zama za Kati, na kabla hajapumua ameshaingizwa Zama za Kisasa, ambako anakutana na jahazi la Mreno na kila kitu kinaanza upya. Sisi wa Fasihi huwacheka wenzetu hawa kwa kukariri miaka. Nyani haoni kundule: nasi tunakariri zama za ushairi, tukishazijua twaona kazi imekwisha. Makala haya yanakusudia kuuhoji mkasi unaokata safari hiyo vipande-vipande, kwa sababu, kwa maoni yangu, umeukata katikati mmoja wa tendi zetu kongwe.

Mkasi wenyewe una mwenyewe. Christoph Keller, Mjerumani aliyejiita Cellarius kwa Kilatini na baadaye akawa profesa Halle, alitoa kitabu cha historia ya zama za kati mwaka 1688. Alizianzisha na mfalme Konstantino, akazimaliza pale Waturuki walipoiteka Konstantinopoli mwaka 1453. Yaliyotangulia yakawa ya kale, yaliyofuata yakawa mapya. Hatumlaumu, alikuwa akipanga historia ya kwao. Lakini sidhani kama kuna mtu wa Kilwa aliyelala usiku mmoja wa 1453 akiwa mtu wa zama za kati, akaamka asubuhi wa kisasa!

Wapo watakaosema mambo hayo yalikwisha zamani. Kweli, mwaka 1963 Hugh Trevor-Roper wa Oxford alipodai kwamba Afrika haina historia ya kufundisha isipokuwa ya Wazungu waliokuja huku, hakubaki bila kujibiwa. Pale Dar es Salaam, chini ya Terence Ranger, wanahistoria walifanya kazi si mchezo. Mwaka 1968 wanafunzi walitumwa vijijini kukusanya masimulizi ya wazee kuhusu Maji Maji. Walter Rodney naye, katika kitabu chake cha 1972, akaligeuza swali lenyewe: si nani aliyeistaarabisha Afrika, bali nani aliyeidumaza. Mtendaji wa historia alibadilika. Mkasi, hata hivyo, uliondolewa mkono mmoja ukatiwa mwingine, maana mitaala mingi sasa hukata hivi: kabla ya ukoloni, wakati wa ukoloni, baada ya uhuru. Bado ni Mzungu anayeamua kitambaa kikatwe wapi.

Basi tuuchukue mwaka mmoja tu, tuone unaingia kipande gani. Mwengo wa Athumani, mshairi wa Pate, alitunga Utendi wa Tambuka, au Herekali, kwa ajili ya mfalme wake. Nakala ya mkono iliyoko Hamburg inaonyesha mwaka 1141 wa Hijra, ambao kwa kawaida tunauandika 1728. Ni beti zaidi ya elfu moja juu ya Mtume (S.A.W.) kumwandikia barua Herekali, mfalme wa Rumu, akimwita katika Uislamu, Herekali anakataa, vita vinapiganwa, Waislamu wanashinda. Herekali huyo ni Heraclius, aliyetawala Konstantinopoli toka 610 hadi 641. Kwa mkasi wa Keller ni mtu wa zama za kati. Na jambo la kustaajabisha ni kwamba Tabuk yenyewe, mwaka 630, hapakupiganwa vita vikubwa vya namna hiyo. Jeshi lilikwenda, likarudi.

Sasa hebu tutoke ndani ya utendi, tutazame nje. Mwomani alikwisha kumng'oa Mreno katika Fort Jesus mwaka 1698. Machi 1728 Mreno alirudi Mombasa na kuitwaa tena ngome, na aliyemsaidia kurudi ni mfalme wa Pate, aliyekuwa amechoshwa na Waomani. Mwaka wa Hijra 1141 ulianza Agosti 1728 ukaisha Julai 1729, na muda huo wote Mreno alikuwamo ngomeni, japo tangu Aprili 1729 alikuwa amezingirwa na watu wa Mombasa waliomwasi. Alisalimu amri Novemba.

Yaani katika mwaka ambao Pate ilikuwa imeshikana mkono na mfalme Mkristo, mshairi wa Pate anaandika juu ya mfalme Mkristo anayepigwa mpaka anashindwa. Wanahistoria wanayo ngome, meli na mizinga. Sisi tunao utendi, na tumezoea kuufundisha kwa kuhesabu mizani na kusifu ushujaa wa Ali. Kila mmoja amekaa na nusu yake.

Najua pingamizi litakalotolewa: Mwengo alifuata hadithi za maghazi za Kiarabu, kwa hiyo Pate haimo. Hoja hiyo nyepesi. Ebrahim Hussein alipotoa Kinjeketile mwaka 1969 alikuwa akizungumzia vita vya 1905, lakini hakuna mhakiki makini anayesema tamthilia ile haiwahusu watu wa Azimio la Arusha. Kwa nini basi Mwengo tumnyime haki hiyo, eti kwa kuwa ni wa kale? Hadithi za kutafsiri zilikuwapo nyingi. Kuichagua hii, na kuisoma mbele ya mfalme yule, ni neno tosha. Mimi naona humo onyo la mtumishi kwa bwana wake, limevishwa kanzu ya Madina ili lipite salama. Anayeona ni kinyume, kwamba baraza lilikuwa likijisafisha, alete beti zake tubishane.

Lakini ubishi huo hauwezi kuanza katika chumba cha Fasihi peke yake, wala cha Historia peke yake. Wahadhiri wawili, mmoja kutoka kila idara, waketi meza moja na utendi mzima (si dondoo za mtihani) pamoja na habari za vita vya 1728 na 1729, na swali la semina ya kwanza liwe hili: Mwengo alipotaja Warumi, msikilizaji wa Pate alimwona nani?