Clara Lum, mama aliyeandika habari za Azusa

Soma: Yeremia 36; Warumi 16:22



Barua kwa Warumi tunaiita ya Paulo, na ni kweli. Lakini mkono ulioshika kalamu ulikuwa wa Tertio. Yeye alipata mstari mmoja tu, karibu na mwisho, wa kuwasalimu watu. Baruku naye aliandika kwa wino maneno ya Yeremia, na mfalme Yehoyakimu alipokikata kile kitabu na kukitupa motoni, ni Baruku aliyeketi tena kuandika yote upya. Leo tumwangalie mwandishi wa namna hiyo, mwanamke. Sisi Wapentekoste wa Mashamba tuna deni kwake, na wengi wetu hatujapata kulisikia jina lake.

Azusa tunaijua. Kila mhubiri anaitaja: mji wa Los Angeles, Marekani, mwezi wa nne mwaka wa 1906, nyumba namba 312 ya barabara ya Azusa. Ilikuwa kanisa zamani, halafu ikawa mahali pa kuwekea farasi na vitu. Pasta William Seymour, mtu mweusi, mtoto wa watu waliokuwa watumwa, mwenye jicho moja lisiloona, aliongoza maombi pale, na weusi na weupe wakapiga magoti pamoja katika nchi iliyowatenga. Hayo tunayahubiri. Lakini tujiulize: tumeyajuaje? Wakati ule hakukuwa na radio. Magazeti makubwa ya mji yalikuja kucheka tu.

Tumeyajua kwa sababu Mama Clara Lum alikuwa anaandika.

Alikuwa mwanamke mweupe, na kazi ya magazeti ya kikristo aliifanya tayari huko Shenandoah, Iowa, kabla ya kufika Azusa. Alijua hatimkato, zile alama fupi zinazomwezesha mtu kuandika upesi kama mwenzake anavyosema. Fikiria ibada isiyo na programu: huyu anasimama kushuhudia, yule analia, mwingine anaimba, na kati yao mama mmoja na karatasi zake. Barua zilizotoka mbali alizisoma mbele ya mkutano. Kisha alichagua na kukata, na maneno yaliyobaki yakaenda kwa mpiga chapa.

Gazeti liliitwa The Apostolic Faith, yaani Imani ya Mitume. La kwanza lilitoka mwezi wa tisa 1906, kurasa 4, nakala 5,000. Halikuuzwa. Mtu alituma adresi yake na gazeti likamfuata bure, kwa sadaka za watu. Mwaka uliofuata nakala zilifika 40,000. Maneno mengi ndani yake hayana jina la aliyeyaandika, na hata la Mama Clara mwenyewe ni shida kuliona. Mimi nadhani walitaka hivyo. Walikuwa watu walioogopa kumwibia Mungu utukufu.

Sasa tufuate safari ya karatasi moja. Mwaka ule wa 1906 mchungaji mmoja wa Norwe, T. B. Barratt, alikuwa New York kutafuta pesa za kazi yake. Pesa hazikupatikana. Gazeti la Azusa ndilo lilimfikia, akaandika barua Los Angeles, wakamjibu, akaomba mpaka akajazwa Roho. Akarudi kwao na moto. Mwaka wa 1907 Pasta Alexander Boddy wa Sunderland, Uingereza, alikwenda Norwe kuona kwa macho yake, akamwalika Barratt kwake. Kutoka Sunderland habari ikaenea, ikafika Preston, kwa Thomas Myerscough na darasa lake la Biblia. Katika darasa lile walisoma vijana wawili, William Burton na James Salter. Na mwaka wa 1915 hao wawili walifika Mwanza, katika nchi ya Baluba, Katanga yetu hii.

Wazee wa CPCO wanajua sehemu ya mwisho ya safari hiyo. Mwanzo wake ulipitia penseli ya mama mmoja.

Lakini kuna jambo la uchungu, na tusilifiche. Katikati ya mwaka wa 1908 Mama Clara aliondoka Los Angeles, akaenda Portland, Oregon, kwa Florence Crawford aliyekuwa amejitenga na Seymour. Gazeti likahamia huko, na orodha za majina na adresi za wasomaji wa nje zikaenda pamoja naye. Wengine husema alichukia kwa sababu Seymour alioa mwezi wa tano mwaka ule. Wa upande wa Portland hawakubali ya kwamba kitu kiliibwa. Wanahistoria wanabishana mpaka leo.

Mimi sitamwita mwizi. Majina yale aliyakusanya kwa kazi yake mwenyewe, na gazeti halikusimama hata Portland. Lakini upande wa Seymour nao tuuone. Mtu ana maelfu ya marafiki duniani, asubuhi moja hana hata njia ya kuwaandikia. Magazeti 13 tu yalitoka Los Angeles. Baada ya hapo Azusa ilibaki kanisa dogo la mtaa. Seymour alikufa mwaka wa 1922, na ile nyumba ilibomolewa mwaka wa 1931.

Huku kwetu nimeona kanisa likigawanyika, na kitu cha kwanza kilichogombaniwa hakikuwa mabenchi wala masini ya kuimbia. Ilikuwa kaye ya sekretere, yenye majina ya waamini na namba zao za simu. Upande uliobaki nayo ulibaki na watu. Mama aliyeijaza miaka yote ile hakuulizwa na upande wowote.

Clara Lum hakurudi Los Angeles. Aliendelea na kazi ileile Portland, akipokea barua, akichagua shuhuda, akizikata ziingie katika ukurasa, na gazeti likiendelea kutumwa bure. Kati ya waliolisoma wakati wa Azusa, ni wangapi walijua nani aliwaandikia?