Semina: Safari ya Kitalu

Neno hili limeingia katika Kiswahili kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa kanisa: seminari, nyumba ya kuwalea mapadre, ambayo Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 ianzishwe majimboni. Mlango wa pili ni wa ofisi: semina, kikao cha siku mbili tatu chenye bahasha mwishoni. Yote mawili asili yake ni Kilatini, seminarium, yaani kitalu, mahali miche inapooteshwa kwa kubanana kabla ya kuhamishiwa shambani. Ipo maana ya tatu, ya chuo kikuu, na hiyo tumeichukua jina zaidi ya kazi.

Katika miaka ya 1730, Johann Matthias Gesner alianzisha semina ya filolojia katika chuo kikuu kipya cha Göttingen, Ujerumani. Hakuwa akitafuta watafiti. Alitaka walimu wa shule. Akachukua vijana wachache wa theolojia, wakalipwa fedha ya kujikimu (posho ya semina, basi, si uzushi wa wizara zetu), wakafundishwa kusoma Kiyunani na Kilatini kwa makini na namna ya kuvifundisha. Friedrich August Wolf, aliyesoma hapo hapo Göttingen, alianzisha semina yake Halle mwaka 1787, naye akawalenga walimu badala ya wachungaji.

Kazi yenyewe ilikuwa na kanuni moja ngumu. Mwanafunzi aliandika hoja yake, mwenzake akaisoma akitafuta udhaifu, kisha wawili hao wakakabiliana mwalimu akisikiliza. Mhadhara humtaka mwanafunzi anyamaze na kuandika. Katika semina, anayenyamaza amekwisha kushindwa. Washairi hawatalistaajabia jambo hili, kwani shairi likitoka gazetini hujibiwa kwa vina na mizani ile ile, na aliyelitunga hana budi kulitetea.

Kanuni hiyo ndiyo iliyohama kutoka taaluma moja hadi nyingine. Leopold von Ranke aliwakusanya wanafunzi wake wa historia nyumbani kwake Berlin, wakazichambua hati za zama za kati, na kila mmoja akaulizwa amejuaje analolisema. Mwaka 1834, huko Königsberg, Franz Neumann na Carl Jacobi walifungua semina ya hisabati na fizikia. Humo kilichowekwa mezani hakikuwa aya ya mwandishi wa kale. Kilikuwa hesabu na vipimo, lakini mwenye navyo alipaswa kuvitetea vivyo hivyo.

Jina nalo lilisambaa, wakati mwingine bila kanuni yake. Mwaka 1887 Berlin ilifungua Seminari ya Lugha za Mashariki, na Kiswahili kilikuwa miongoni mwa lugha zilizofundishwa, hasa kwa maofisa waliokuwa wakienda kututawala. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alifundisha humo kuanzia mwaka 1900. Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho sehemu yake kubwa ni kazi yake, kilitoka mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, mkusanyaji na mhariri. Mwenye lugha alikuwepo chumbani, ila neno la mwisho halikuwa lake.

Marekani iliipokea semina kwa wanafunzi wa juu kwanza. Johns Hopkins, chuo kilichofunguliwa Baltimore mwaka 1876, kiliijengea karibu elimu yake yote ya uzamivu. Vijana wa shahada ya kwanza waliendelea na mihadhara. Aliyeubadili utaratibu huo kwa dhati ni Frank Aydelotte, rais wa chuo kidogo cha Swarthmore, Pennsylvania. Alikuwa amesoma Oxford na kuiona faida ya mwanafunzi kumsomea mwalimu insha yake kila juma. Mwaka 1922 alianza mpango ambao wanafunzi hodari wa miaka miwili ya mwisho waliachiwa madarasa ya kawaida, wakaketi katika semina za watu watano au sita, na hatimaye wakatahiniwa na watu wa nje ya chuo. Hili la watahini wa nje kwangu ndilo kubwa kuliko yote: mwalimu aliacha kuwa hakimu, akawa upande wa mwanafunzi. Mwaka 1959 Harvard ilikwenda mbali zaidi ikawapa semina wanafunzi wa mwaka wa kwanza, tangu sayansi hadi fasihi.

Kwetu, Chuo Kikuu kilipoanza Dar es Salaam mwaka 1961 kwa kitivo kimoja cha sheria, wanafunzi wake hawakufika 20, na hakuna aliyeweza kujificha nyuma ya mwenzake. Leo ratiba za vyuo vingi bado zina saa za semina, lakini kundi hujaza ukumbi na mmoja husoma slaidi kwa niaba ya wote. Msamiati wetu umeufuata mwenendo huo. Tunaye mwezeshaji, tunao washiriki, tunayo mada. Yule mwenzako aliyepewa kazi ya kuisoma hoja yako ili aipinge hana jina. Mimi ningemwita mlumbi, ijapokuwa wengi humfahamu mlumbi kuwa msemaji hodari tu.