Okapi, mwindaji na umbali wa macho

Watu wengi wa mijini wanafikiri kwamba kujificha porini ni kujifunika majani tu. Sisi tuliokomalia kandokando ya pori la Ituri tunajua kwamba mambo iko ingine. Kujificha ni swali la umbali. Kile kinachokuficha kwa hatua makumi tano, kwa hatua kumi kinaweza kukutoa.

Tuanze na okapi. Mwili wake ni kahawia nzito, lakini mapaja na miguu iko na mistari myeupe. Ukimwona karibu utashangaa: nyama ya namna hii inajifichaje? Sasa rudi nyuma kidogo. Ile mistari inachanganyika na mwanga unaopita kati ya majani, mwili unakuwa kama kivuli, umbo lake linapotea. Ndiyo sababu wageni walikawia sana kumjua. Stanley, katika kitabu chake cha mwaka 1890, alitaja tu nyama mwenye kufanana na punda ambaye Wambuti walimwelezea. Harry Johnston alipata kwanza vipande vya ngozi, na mwaka 1901 wataalamu wa London wakasema ni aina ya punda milia. Mwaka ule ule, ngozi nzima na mafuvu vikaonyesha kwamba ni ndugu ya twiga. Wambuti wao walikuwa wanamjua tangu zamani.

Na mwindaji naye, anajificha namna gani? Mbali, hana kazi kubwa: miti yenyewe inamfunika. Kinachomtoa ni upepo na kelele ya majani makavu. Akisogea, hatari ni kutikisika. Nyama wenye kwato hawatofautishi vizuri nyekundu na kijani kama sisi, lakini kitu chenye kutembea wanakiona mara moja. Kwa hiyo Waefe, wenye kuwinda kwa upinde, pengine wanapanda juu ya mti karibu na matunda yanayoanguka, wanatulia kimya, wanangojea mboloko aje chini kula. Mshale unataka umbali mfupi, na umbali mfupi unataka uvumilivu.

Wambuti wa wavu wana akili ingine. Wavu unasukwa kwa nyuzi za mmea wa porini, unafungwa chini kati ya vichaka. Mwenye kutembea polepole angeweza kuuona. Lakini wanawake na watoto wanapiga kelele, nyama anakimbia, na anapouona amekwisha kuufikia.

Tunaandika haya juu ya jambo moja. Mwenye upinde alilazimika kukaribia, kuona ni nyama gani, halafu kuamua. Mtego wa waya hauna macho. Unategwa kwa ajili ya mboloko, unamkamata okapi, ambaye sheria inamlinda tangu 1933. Mbele ya waya, mistari yake haina kazi tena. Hifadhi ya Okapi iliundwa mwaka 1992, ikaingia katika urithi wa dunia mwaka 1996, na mwaka 1997 ikawekwa kati ya zile zilizo hatarini.

Basi, tukiwafundisha watoto wetu desturi ya uwindaji, tusiwaonyeshe upinde na wavu tu. Tuwaambie pia kwamba wazee walikaribia kwanza, wakatazama vizuri, ndipo wakapiga.